Kadi haikuwa na makosa: kisa cha PC ya gemu iliyokuwa ikikwama Malindi

Kabla hatujaanza

Jina la kijana nimebadilisha, mtaa sitautaja, na picha za chumba sijaweka kwa sababu Malindi ni ndogo na watu wanajuana mpaka kwa mapazia. Mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Tumwite Kassim. Nimekichagua kwa sababu karibu kila kitu ambacho watu wa pwani hukosea kwenye PC ya gemu kilikuwa kwenye mashine moja, na kwa sababu pesa nyingi ilikuwa inakaribia kutumwa kwa kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Hali ilivyokuwa

Kassim yuko chuo, mashine ameiunga kidogokidogo kwa vipande vya mtumba, vingine vimetoka Mombasa na vingine vimeletwa na basi kutoka Nairobi kama pasel. Si mashine ya kudharau. Prosesa, yani ubongo wa mashine, ni Ryzen 5 2600, ile ya mwaka 2018, kori 6 na nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja). Kadi ya grafiki GTX 1660 Super yenye memori ya 6GB. Madabodi, ile bodi kuu, ya B450 yenye sloti nne za RAM, ile memori ambayo prosesa inafanyia kazi. RAM 16GB, stiki mbili za 8GB, zote za kasi ya 3200 kwa maandishi lakini kampuni mbalimbali manake moja alinunua mwanzo na nyingine baada ya miezi. Pawa saplai ya wati 550. Monita ya 144Hz, yani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, aliyoipata kwa bei ya bahati.

Chumba ni cha ghorofani, dirisha linatizama bahari, na usiku ukinyamaza unasikia mawimbi. Raha sana kulala, lakini kwa kompyuta si raha hata kidogo. Mashine yenyewe ilikuwa imekaa ndani ya kabati la chini, mlango umefungwa, kwa sababu mama hapendi vumbi wala makelele ya feni. Na juu ya kasha, wallahi sitanii, kulikuwa na leso imekunjwa vizuri ikiifunika ili vumbi lisiingie, na leso hiyo ilikaa hapo hata mashine ikiwa inawaka.

Malalamiko yake: gemu inakwama. Anacheza Counter-Strike 2 na marafiki, akitembea tu iko sawa, lakini watu wakikutana na risasi zikianza skrini inaganda kidogo halafu inaruka, na akija kuona vizuri ashakufa. Asubuhi afadhali, kuanzia alasiri ni balaa. Uamuzi wake alikuwa nao tayari, kadi imezeeka. Mjomba wake aliye nje alikuwa amekubali kutuma pesa ya kadi mpya, elfu thelathini na kitu, na ilikuwa itumwe wiki hiyohiyo. Mama ndiye aliyesema fundi aitwe kwanza. Aliniambia, "Mwanangu, pesa ya mwenzio ina uchungu, hebu itizame hiyo kitu kama kweli imekufa."

Alichokuwa ameshajaribu mwenyewe

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndani ya majaribio yake jibu lilikuwa limeshajitokeza, ila hakuna aliyelisoma.

Alikuwa amefuata video. Ameingia msconfig, ile sehemu ya Windows ya setingi za kuwaka, akaweka alama kwenye idadi ya prosesa, akachagua 12. Hiyo haiongezi chochote, Windows inatumia nyuzi zote toka mwanzo, kile kisanduku ni cha wanaotaka kuzipunguza kwa majaribio. Ukikosea ukaweka 4 ndo umejikata miguu mwenyewe. Amepakua programu mbili za "kuongeza nguvu ya gemu", ambazo zote zilikuwa zinakaa nyuma zikila RAM na kuleta matangazo. Amehangaika kuwasha Resizable BAR, setingi ya kuiwezesha prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja, kwa sababu video ilisema inaongeza fremu (zile picha zinazochorwa kila sekunde), ilhali kadi za GTX 16 hazina kitu hicho, angetafuta mpaka kesho.

Lakini pia alikuwa ameshusha setingi zote za picha mpaka chini kabisa, na rezolusheni ameishusha mpaka picha imekuwa ya kuchubuka. Nikamuuliza, "Ulipozishusha fremu zilipanda ngapi?" Akanambia, "Hazikupanda bro, ndo nikajua kadi imeisha kabisa."

Hapo ndipo mimi nilipopata picha. Ukipunguza rezolusheni umeipunguzia kadi kazi. Kama kadi ndiyo iliyolemewa, fremu lazima zipande, hata kwa kiasi. Zisipopanda, manake kadi haikuwa na tabu, kuna mtu mwingine anayeichelewesha. Ni kama mchomaji wa mahamri mwenye mikono miepesi lakini anayemkandia unga ni mmoja na mzito: ukiongeza karai la pili mahamri hayatakuwa mengi. Prosesa ndiyo inayoandaa kila fremu na kuikabidhi kadi, na prosesa nayo inategemea RAM imletee data kwa wakati. Kwa hiyo macho yangu yakahamia huko.

Kupima kabla ya kugusa kitu

Nilimkataza asibadilishe kitu chochote kwanza. Tukazima intaneti kabisa na kucheza na maboti, wale wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, ramani moja ileile, dakika zilezile, ili tutenganishe vitu viwili ambavyo vijana wengi wanaviita jina moja "lagi". Kuna kukawia kwa mtandao, ambako kunatoka kwa umbali mpaka seva, na sisi huku seva za karibu za gemu hii ziko Johannesburg na Dubai, hakuna setingi ya mashine itakayosogeza Dubai. Na kuna kukwama kwa fremu, ambako ni kwa mashine yako mwenyewe. Intaneti ikiwa imezimwa na bado inakwama, basi hapo mtandao hauna kesi.

Nikaweka MSI Afterburner ionyeshe namba juu ya skrini, na HWiNFO inarekodi joto na volti kwa nyuma. Asubuhi wastani ulikuwa fremu 98 kwa sekunde. Alasiri ileile mashine, ileile ramani, 81. Lakini wastani hauelezi kukwama. Namba ninayoitizama mimi ni ile ya asilimia moja ya chini, yani unachukua zile fremu zilizochelewa kuliko zote, mia moja katika kila elfu kumi, unaangalia zenyewe zilikuwa na kasi gani. Asubuhi ilikuwa 41, alasiri ikashuka 29. Fremu ya kasi ya 29 inakaa kwa skrini milisekunde 34 hivi, na monita yake ya 144Hz inatarajia fremu mpya kila milisekunde 7. Hiyo ndiyo ile "inaganda" anayoisema.

Na kadi je? Matumizi yake yalikuwa yanacheza kati ya asilimia 45 na 55, yani nusu ya muda imekaa tu inasubiri. Nikamuonyesha Kassim ile namba nikamwambia piga simu kwa mjomba mwambie asitume kitu kwanza.

Volti nayo niliangalia kwa sababu nyumbani walikuwa na imani kwamba stima ya jioni ikishuka na gemu inashuka. Laini ya volti 12 ya pawa saplai ilikuwa inakaa kati ya 11.9 na 12.1, na kiwango kinachoruhusiwa ni kupanda au kushuka asilimia 5, kwa hiyo hapo hakuna neno. Pawa saplai nzima ikipata stima dhaifu ama itajisawazishia iendelee, ama itazima. Haikupunguzii fremu taratibu.

Tulichofanya, kimoja kimoja

Sharti langu lilikuwa kubadilisha kitu kimoja, kupima, ndo tuende kingine. Kassim alitaka tuwashe kila kitu mara moja. Ningemfuata fremu zingepanda sawa, lakini asingejua kilichozipandisha, na kikiharibika asingejua cha kurudisha.

*Monita.* Hii ilichukua dakika moja. Windows ilikuwa inaiendesha monita ya 144Hz kwa 60Hz toka siku aliyoinunua. Na waya aliokuwa anatumia ulikuwa HDMI ya zamani iliyotoka na televisheni. Tukatia waya wa DisplayPort, tukaingia kwenye setingi za skrini sehemu ya maelezo ya ndani tukachagua 144. Kipanya tu kilivyotembea kijana alicheka mwenyewe. Fremu hazikuongezeka hata moja, sababu hii haiongezi fremu, inakuonyesha tu zile ulizonazo. Kukwama nako kulibaki palepale.

*RAM kwenye sloti.* Hapa ndipo penye utamu. Nilifungua CPU-Z, programu inayoonyesha vipande vya mashine, ile kurasa ya memori, nikakuta chaneli moja tu inafanya kazi na kasi imeandikwa kama 1200. Hiyo 1200 ni ya kuzidisha mara mbili, kwa hiyo RAM ya 3200 ilikuwa inakimbia 2400. Nikafungua ubavu wa kasha: stiki mbili zimekaa sloti ya kwanza na ya pili kutoka kwa prosesa, zimebanana. Zimependeza, lakini kwenye madabodi hizi za sloti nne, ya kwanza na ya pili ni za chaneli moja. Prosesa ina milango miwili ya kupokea data na mmoja alikuwa ameuziba bila kujua.

Tufanye hesabu kidogo. RAM ya 2400 kwa chaneli moja inapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Ya 2933 kwa chaneli mbili inapitisha karibu gigabaiti 47. Hiyo ni karibu mara mbili na nusu, kwa stiki zilezile, bila shilingi. Na kwa Ryzen za kizazi hiki kuna la ziada: ile njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa inafuata kasi ya RAM, kwa hiyo RAM ikiwa pole na prosesa yenyewe ndani inakuwa pole.

Nikazichomoa. Vile vidole vya dhahabu chini ya stiki vilikuwa vimefifia na kuna ukungu mweupe pembeni. Chumvi hiyo. Chumvi ya kawaida unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 inaanza kujivutia maji yenyewe, na alfajiri za Malindi unyevu unapita hapo mara nyingi tu, kwa hiyo kilichokuwa vumbi kavu mchana usiku kinakuwa majimaji ya chumvi juu ya metali. Mafundi wengi wanasugua kwa raba ya penseli. Mimi sipendi, ile dhahabu ni nyembamba sana na raba inaikwangua. Nilitumia alikoholi safi ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikasafisha na sloti zenyewe kwa brashi laini. Spiriti ya duka la dawa pia niliikataa, nyingine zinachanganywa na mafuta.

Tukazirudisha sloti ya pili na ya nne, mpaka zikalia tiki pande zote. Tukapima alasiri, joto lilelile: wastani 104, asilimia moja ya chini 45. Hakuna hata setingi moja ya BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha mashine, iliyokuwa imeguswa.

*Joto.* Chumba kilikuwa digrii 31, ndani ya kabati sikupima lakini mkono ulitosha. Prosesa baada ya dakika ishirini za gemu ilikuwa inafika 94 na 95, na 95 ndio ukingo wa hii Ryzen, ikifika hapo inajipunguzia kasi isiungue. Kasi ilikuwa inashuka mpaka karibu 3.1GHz ilhali inaweza kukaa 3.7 kwa kori zote bila shida. Ndo maana asubuhi afadhali na alasiri balaa. Joto la chumba likipanda digrii tano na prosesa inapanda karibu hizohizo, na kama ulikuwa ukingoni huna pa kwenda.

Kufungua hitisinki, ile metali ya kupoza prosesa, kwenye soketi ya AM4 kunataka adabu. Pesti ya kupitisha joto iliyo kati yao ikizeeka na kukauka inagandisha hitisinki na prosesa pamoja, ukivuta juu kwa nguvu prosesa inatoka nayo, na hizi zina pini 1331 kwa chini nyembamba kama nywele, ukizipinda umelia. Kwa hiyo tuliiwasha mashine ikafanya kazi kama dakika kumi ipate moto, tukaizima na kuchomoa waya wa stima, nikalegeza skrubu nne kwa mkingamo, halafu nikaizungusha hitisinki kushoto kulia taratibu mpaka ikaachia yenyewe. Pesti ilikuwa imekauka inakatikakatika. Mapezi ya hitisinki yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoganda kwa unyevu na chumvi, ukipuliza halitoki, ilibidi feni itolewe na kuchokoa kwa brashi safu kwa safu. Feni huku nikiishika isizunguke, watu hupenda kuipuliza izunguke kwa raha na beringi inakufa.

Pesti mpya, punje moja katikati. Feni mbili za milimita 120 mbele zinaingiza hewa, ile ya nyuma inatoa. Kichujio cha vumbi cha sumaku mbele. BIOS nikabadilisha mstari wa feni ianze kukimbia mapema badala ya kusubiri digrii 80, na nikaipunguzia prosesa volti kidogo, 0.05 chini ya ile inayojichagulia, joto likapungua na kasi haikupungua.

Kilichobaki ni kabati. Mama alisema kabati halikatwi wala mlango hautolewi, na nyumba ni yake. Tukapatana mashine ihamie juu ya meza, ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na leso ibaki kazi yake ileile lakini mashine ikiwa imezimwa tu. "Sasa hiyo feni itanipigia kelele usiku," akasema. Kassim akaahidi kuvaa hedifoni, ambayo haikujibu swali lakini mama aliiachia hapo.

Kupima: prosesa inakaa 76, wastani 119, asilimia moja ya chini 54.

*Kasi ya RAM.* Mwisho ndo tukaingia BIOS kuwasha profaili ya RAM. Wengine kwenye madabodi yao wataiona kwa jina la XMP, ASUS huiita DOCP na MSI A-XMP, ni kitu kimoja. RAM nyingi za DDR4, aina kama hii, zikitoka dukani zinaanza na kasi ya usalama, ile iliyoandikwa kwenye boksi lazima uiwashe mwenyewe. Wengi hawajui, wanakaa miaka bila kupata kasi yote waliyoilipia.

Tukachagua 3200. Mashine ikawaka, Windows ikafunguka, gemu ikachezeka vizuri, Kassim akasema tumemaliza. Nikamwambia bado, nikatia MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi nikaiacha usiku kucha. Asubuhi mistari myekundu. Sababu haikunishangaza, AMD wenyewe hii prosesa wameiandikia mwisho DDR4-2933, juu ya hapo ni bahati ya kila chipu, na hizi stiki hazikuzaliwa pamoja, moja CL16 nyingine CL18 (namba ya kuchelewa kujibu, kubwa ndiyo dhaifu). Nikashusha 2933, nikatumia taimingi za ile stiki dhaifu ya CL18, volti 1.35 ileile ya profaili. MemTest ikapita mizunguko yote safi.

Kassim hakufurahi. "Lakini imeandikwa 3200 kwa boksi." Nikamwambia boksi ni la RAM, si la prosesa.

Nilichokataa kufanya

BIOS ilikuwa ya zamani na toleo jipya pengine lingesaidia RAM kutulia. Sikuligusa. Kuapdeti BIOS stima ikikatika katikati unaweza kubaki na madabodi isiyowaka, na nyumba ile haina UPS, ile betri ya akiba. Mtaa ambao taa zinazimika bila salamu, hiyo ni kamari ya bure. Kuiongezea kadi kasi pia nilikataa: kadi inayotumika nusu, ukiiongezea kasi unaongeza tu joto la chumba.

Matokeo

Kipimo cha mwisho, alasiri, joto la kaskazi: wastani 136 kutoka 81, asilimia moja ya chini 66 kutoka 29. Kadi sasa inatumika asilimia 75 mpaka 80, yani imepata kazi. Gharama yote, feni, pesti, kichujio, waya na alikoholi, haikufika elfu tano.

Halafu ikaharibika. Baada ya muda Kassim akanipigia, mashine inazima ovyo na Windows imeanza kugoma kufungua mafaili, na nyumbani wameshasema ni stima. Nikamuuliza ikizima, taa za chumba nazo zinazima? La. Kuna skrini ya bluu? Ndio, imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT. Stima ikikatika mashine inakufa kimya, haina nafasi ya kuandika chochote. Skrini ya bluu manake mashine ilikuwa hai na ikajikuta na kosa lake yenyewe. "Ulirudisha 3200?" Kimya. Kisha, "Nilitaka kuona tu."

Tukairudisha 2933, tukarekebisha mafaili ya Windows yaliyoharibika, imetulia toka hapo.

Uchambuzi: kilichofaulu na kilichofeli

Kilichozaa zaidi ya vyote ni kuhamisha stiki mbili sentimita chache. Fremu 23 za wastani, na asilimia moja ya chini kupanda kutoka 29 mpaka 45, bila kununua kitu. Ukiangalia hatua zote, RAM kwa jumla, sloti na kasi, ndiyo iliyotoa kubwa, joto likafuatia. Lakini haya mawili hayatenganiki vizuri kama namba zinavyoonyesha, sababu prosesa inayolishwa vizuri inafanya kazi zaidi na kutoa joto zaidi. Tungewasha 2933 mashine ikiwa bado ndani ya kabati chini ya leso, sidhani tungepata hata nusu ya faida.

Kupima na maboti intaneti ikiwa imezimwa kulitusaidia kuliko programu yoyote. Bila hivyo tungebishana kuhusu kampuni ya intaneti mpaka leo. Na hata sasa mechi za usiku na watu wa mbali bado zina kukawia kwake, hiyo haikubadilika na nilimwambia haitabadilika.

Kilichofeli ni maelezo. Namba za MemTest Kassim aliziona lakini hazikumuingia, kwa sababu kwake yeye gemu ilikuwa inachezeka, na kosa la RAM halionekani siku ile, linaandika data mbovu kidogokidogo mpaka siku Windows inashindwa kuamka. Ile mistari myekundu ilihitaji kuelezwa kwa lugha ya mafaili yake ya chuo, si kwa lugha ya mizunguko ya majaribio. Baada ya kupoteza asaimenti moja hakuhitaji maelezo mengine.

Monita ina funzo lake la kuchekesha. Ndicho kitu alichokisifia zaidi kwa marafiki, na ndicho ambacho hakikutibu ugonjwa hata kidogo. Tungesimama pale angeridhika siku mbili halafu angerudi kwenye kadi.

Kabati na bahari ni vita visivyoisha. Kusafisha mara moja hakutoshi huku, kichujio kinafaa kuoshwa kila mwezi na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, na ndani ya kasha pafunguliwe kila baada ya miezi mitatu au minne, mapema zaidi upepo ukiwa unatoka baharini moja kwa moja. Mashine iliyo karibu na ufuo ikiachwa wiki nyingi bila kuwashwa inaumia zaidi kuliko inayotumika, kwa sababu lile joto dogo la kila siku ndilo linaloikausha.

Na kuhusu kadi, nimeulizwa na mjomba mwenyewe kwa simu kama basi pesa yake aizuie moja kwa moja. Nikamweleza hivi. Tulijaribu Red Dead Redemption 2 pia kwenye mashine hiyohiyo. Kabla, wastani ulikuwa 54, baada ya kazi yote 58. Pale kadi ilikuwa asilimia 98 muda wote toka mwanzo, RAM ingekuwa ya dhahabu isingeleta tofauti kubwa. Kwa hiyo Kassim akiendelea na Counter-Strike kadi hii inamtosha, akihamia gemu nzito za hadithi hapo kadi ndiyo ya kununua, lakini kabla yake UPS, ili BIOS iapdetiwe bila roho juu, na jozi ya RAM iliyouzwa pamoja. Mjomba akauliza UPS ni pesa ngapi.